Ulinzi wa Kijiji: Sisi ni Macho, Sisi si Mahakama

Somo kwa vikundi vya kujitolea. Lisomwe kwa mikutano miwili.



Vikundi vingi hutuuliza swali moja: "Tumechoka na wizi. Tukitaka kulinda kijiji wenyewe, tuanzie wapi?" Swali hili ni zuri. Lakini sisi tumejifunza kwa uchungu ya kwamba kuna swali jingine linalopaswa kutangulia: "Siku tutakapomshika mtu, tutamfanya nini?" Kikundi ambacho hakijalijibu swali hilo mchana kitalijibu usiku, katikati ya kelele, na jibu lake huenda likawa damu.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mshiriki aweze:
- kueleza kazi ambayo kikundi cha kujitolea kinaruhusiwa kufanya, na ile kisichoruhusiwa;
- kutaja hatua za kufuata mtu anaposhikwa;
- kupanga kazi za kinga ambazo hufanywa mchana, bila rungu wala mbio.

KISA

Mwaka 2018, katika kituo kimoja kidogo cha soko huku Magharibi mwa Kenya, wezi walisumbua watu sana. Hawakuwa wezi wa bunduki. Walikuwa wale wa kuvunja kufuli: leo mifuko miwili ya mbolea, kesho kuku saba wa mama mjane, kesho kutwa simu zilizoachwa kwa kinyozi zichajiwe. Wanaume 14 wakajitolea. Walinunua tochi na filimbi, wakagawana usiku, wakachagua mwenyekiti. Sisi wa ofisi ya maendeleo ya parokia tuliitwa kuwafundisha. Tulifundisha siku mbili: jinsi ya kuandika katiba ya kikundi, jinsi ya kuweka kitabu cha pesa, jinsi ya kuandika kumbukumbu za mkutano. Tukarudi nyumbani tumefurahi.

Miezi mitatu mambo yalikuwa sawa. Watu walilala. Halafu mwezi wa tano, usiku wa mvua, kama saa nne na nusu hivi, walinzi wawili walimkuta kijana akipita nyuma ya maduka na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na betri ya sola. Walimwuliza ni ya nani. Kwa hofu akajibu hivi, kisha akajibu vingine. Mlinzi mmoja akapiga filimbi.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Ile filimbi haikuita walinzi peke yao, iliita soko lote. Watu walitoka mikahawani, walitoka kwenye pombe, wengine walitoka kitandani. Mwenyekiti alikuwa ameenda matanga mbali, na hakuna aliyejua ni nani anasimamia usiku huo. Mtu akapaza sauti, "Ndiye huyo!" Kofi la kwanza likapigwa. Baada ya kofi la kwanza, kila mtu alikumbuka kitu chake alichoibiwa.

Aliyemwokoa kijana ni mama mmoja muuza chai. Alijilaza juu yake akakataa kuondoka, mpaka chifu msaidizi akafika. Huyo mama alikuwa ameomba kujiunga na kikundi tangu mwanzo, akaambiwa ati ulinzi si kazi ya wanawake.

Asubuhi ukweli ukajulikana. Kijana alikuwa na umri wa miaka 17. Mjomba wake alikuwa na vifaranga 100 wa siku chache, taa ya banda ikazima, akamtuma achukue betri yao iliyokuwa kwa fundi. Basi! Hakuna wizi wowote uliofanyika usiku huo. Mkono wa kijana ulikuwa umevunjika mahali pawili. Walinzi wawili walishikwa na polisi, wengine wakahamia kwa jamaa zao kwa hofu. Kikundi kikafa. Kabla ya mwezi kwisha, wezi wenyewe walikuwa wamerudi.

Tulipokwenda hospitalini kumwona kijana, mama yake alituuliza, "Si ni nyinyi mliwafundisha?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha kitabu cha pesa, hatukufundisha usiku wa filimbi. Somo hili linatokana na swali la yule mama.

Simameni hapa mjadiliane: Katika kisa hiki, ni mahali pangapi ambapo mambo yangeweza kuzuiwa? Nani angeyazuia?

TULIKOTOKA

Wazo la wananchi kujilinda si geni kwetu. Mapema miaka ya 1980, huko Tanzania, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha Sungusungu. Vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikuwa vimekwisha na silaha zilikuwa zimeenea, na wezi wa ng'ombe na majambazi waliwatesa watu wa vijijini. Sungusungu walifanikiwa kupunguza wizi, na watu waliwasifu. Lakini mahali pengi walianza pia kutesa, kutoza faini, kufukuza watu vijijini, hata kuwaadhibu vikongwe kwa kudai ni wachawi.

Jina hilo baadaye lilivuka mpaka likafika Kuria na Gusii. Mwaka 2010, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku makundi 33 kwa sheria mpya ya kuzuia uhalifu wa magenge, Sungusungu lilikuwa mojawapo. Tuseme ukweli: wengi katika hayo makundi hawakuanza wakiwa wahalifu. Walianza kama sisi, kwa tochi na nia njema. Kilichowaharibu ni kwamba waliomshika mtu ndio hao hao waliomhukumu, ndio hao hao waliompiga, na hakuna aliyewauliza.

Mpango wa Nyumba Kumi nao una asili Tanzania, ambako chama cha TANU kilipanga mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960. Hapa Kenya serikali iliuanzisha mwaka 2013, baada ya magaidi kushambulia jengo la Westgate jijini Nairobi mwezi Septemba na kuua watu 67. Shabaha yake ni majirani kujuana na kupeleka habari kwa wanaohusika. Si lazima nyumba ziwe kumi kamili. Zinaweza kuwa nane, zinaweza kuwa ishirini. Neno kubwa ni kujuana.

SHERIA INASEMAJE?

Watu wengine husema, "Mwananchi hana ruhusa ya kumshika mtu." Wengine nao husema, "Mwizi akishikwa ni mali ya wananchi." Wote wamekosea.

Kwanza, mwananchi anaweza kushika. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 34, inamruhusu mtu wa kawaida kumshika anayemwona kwa macho yake akitenda kosa la aina ambayo polisi wanaweza kumkamata mtu bila hati, au yule ambaye kwa sababu za maana anashukiwa kwamba ametenda kosa kubwa. Angalieni maneno "sababu za maana". Kupita usiku si sababu. Kuwa mgeni si sababu. Kuwahi kufungwa zamani si sababu.

Pili, ukimshika, si wako. Kifungu cha 35 kinasema ni lazima umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama hakuna polisi karibu, umpeleke kituo kilicho karibu zaidi. Tena sheria hiyo hiyo inakataza kumfunga mtu kuliko inavyohitajika ili asitoroke.

Tatu, aliyeshikwa ana haki zake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu asitendewe jeuri, iwe inatoka serikalini au kwa watu binafsi. Kifungu cha 49 kinasema aambiwe sababu ya kushikwa, asilazimishwe kukiri, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kwanza ya mahakama kama muda huo umeangukia siku zisizo za kazi. Kifungu cha 50 kinasema hana hatia mpaka ithibitishwe.

Nne, umati una hatia. Mtu akiuawa na umati, hilo ni kosa la mauaji. Na sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 21, inasema watu wakiungana kwa nia moja ya kuvunja sheria, na kosa likatendeka kutokana na nia hiyo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Yule aliyeleta mafuta ya taa hawezi kujitetea ati hakuwasha kiberiti.

Tano, kikundi hakina mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu na kupekua, kudai kitambulisho barabarani, kutoza faini wala kulazimisha mchango. Kinachoweza kufanya ni kuona, kuandika, kuita na kushuhudia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inatambua kamati za polisi na jamii. Kwa hiyo kikundi kijitambulishe kwa chifu na kwa mkuu wa kituo cha polisi, orodha ya majina iwe mezani kwao. Kikundi kinachojificha kisishangae kikidhaniwa ni genge.

"POLISI HUWAACHILIA TU"

Tunajua mnachotaka kusema. Kila tunapofundisha somo hili, mzee mmoja husimama na kusema, "Mwalimu, hayo ni ya vitabu. Sisi tukimpeleka mwizi kituoni, Jumanne yuko sokoni ananunua nyama."

Hatutakana ya kwamba rushwa ipo. Lakini mara nyingi kuna sababu mbili nyingine, na zote mbili tunaweza kufanya jambo.

Ya kwanza ni dhamana. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana na masharti nafuu, isipokuwa kuna sababu nzito ya kumnyima. Kwa hivyo kumwona sokoni si kwamba kesi imekwisha. Kesi inaendelea. Kikundi kiulize tarehe ya kesi, kisha kiwaeleze watu kwenye baraza, ili wasidhani wamechezewa.

Ya pili inatuhusu sisi wenyewe: mashahidi hawaendi. Kesi inatajwa, shahidi yuko kwenye palizi. Inatajwa tena, hana nauli. Mara ya tatu ameombwa na jamaa za mshtakiwa asiende, amekubali. Hakimu hawezi kufunga mtu kwa ushahidi uliobaki nyumbani. Kikundi kinachotaka kupunguza uhalifu kiweke akiba ya nauli za mashahidi kabla ya kununua tochi ya pili.

Na kama kweli afisa ameomba hongo au amefanya dhuluma, andikeni tarehe, saa, jina na nambari yake ya kazi, mpeleke malalamiko kwa wakubwa wake, au kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia kazi ya polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tume ya Haki na Amani ya parokia yenu inaweza kuwasaidia kuandika barua. Kumpiga kijana kwa sababu afisa fulani ni mla rushwa ni kumwadhibu mtu mwingine kabisa.

HATUA ZA KUFUATA MTU ANAPOSHIKWA

Hatua hizi tumezipanga pamoja na vikundi, na zimefanyiwa mazoezi. Msizisome tu. Simameni, mmoja awe mshukiwa, mwigize.

1. Msimamizi mmoja. Kila usiku jina la msimamizi liandikwe kwenye kitabu kabla ya watu kutoka. Akisafiri, naibu ajulikane. Neno lake ndilo la mwisho.

2. Filimbi mbili tofauti. Mlio mmoja mrefu uwaite walinzi peke yao. Milio mingi mifupi iite kijiji kizima, na hiyo ni kwa moto, mafuriko au majambazi wenye silaha tu. Kijiji chote kifundishwe tofauti hii barazani.

3. Wawili wanamshika, wengine wanampa mgongo. Walinzi wafanye duara, nyuso zao zielekee nje kwa watu wanaokuja, si ndani kwa mshukiwa. Hatari kubwa wakati huo haiko ndani ya duara.

4. Akae chini, mahali penye mwanga. Kama kuna duka au chumba chenye taa, aingizwe humo akiwa na watu wazima wasiopungua watatu, na mmoja awe mwanamke. Asivuliwe nguo. Asipigwe picha za kutumwa kwa simu.

5. Pigeni simu mara moja. 999 au 112 ni za polisi popote nchini. Mwe pia na nambari ya kituo chenu na ya chifu msaidizi. Andikeni saa mliyopiga.

6. Andikeni mlichoona, si mnachofikiri. "Saa nane na dakika kumi tulimkuta ndani ya stoo, kufuli imevunjwa" ni ushahidi. "Huyu tunamjua, ni mwizi" si ushahidi. Vitu vilivyopatikana visishikwe ovyo.

7. Akiwa ameumia, hospitali kwanza. Hata kama alijiumiza akiruka ua.

8. Akiwa chini ya miaka 18, ni mtoto. Polisi waambiwe hivyo, na mzazi au mlezi aitwe. Katiba inataka mtoto azuiliwe tu pale ambapo hakuna njia nyingine, na asiwekwe pamoja na watu wazima. Nambari ya simu ya kusaidia watoto ni 116.

9. Makabidhiano yaandikwe. Jina la afisa, nambari yake, saa, na nambari ya OB. Bila nambari ya OB kazi haijakwisha.

Kuna jambo lingine la kushika sana. Kesi za kunajisi watoto na kubaka haziamuliwi kijijini kwa mbuzi wala kwa pesa, hata wazee wakubaliane. Hizo ni kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Aliyetendewa afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kumkinga na Ukimwi. Asioge na asifue nguo kabla ya kuonwa na daktari. Kikundi kinachosaidia kuficha kesi kama hiyo kimegeuka kuwa mlinzi wa mhalifu.

KAZI KUBWA NI YA MCHANA

Wengi wakisikia ulinzi hufikiria kutembea usiku na rungu. Mwaka 2020 tuliona jambo la kutufunza. Kuanzia tarehe 27 Machi serikali ilizuia watu kutoka usiku kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Oktoba 2021. Kile kikundi cha kisa chetu, ambacho kilikuwa kimeanzishwa upya mwaka 2019, kikashindwa kutembea usiku. Wanachama wakasema, "Sasa kazi imekwisha." Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Walihamia mchana, na wenyewe wakashangaa ni mambo mangapi yalikuwa yakingoja kufanywa:

- Walifyeka kichaka kwenye njia ya mtoni, mahali ambapo wanawake walikuwa wakinyang'anywa.
- Walizungumza na wenye maduka kila mmoja aache taa moja ndogo ya sola ikiwaka kwenye veranda.
- Waliandika kwenye daftari nambari za simu, paneli, betri na pikipiki za watu, pamoja na alama za ng'ombe. Mali yenye alama ni ngumu kuuza.
- Walikaa na wanunuzi wa vyuma chakavu, wakapatana wasinunue kitu kutoka kwa mtu asiyejulikana bila kuandika jina lake. Pasipo mnunuzi, mwizi hana soko.
- Waliwatembelea wazee wanaoishi peke yao, wakapanga jirani gani atawasikia wakipiga kamsa.
- Walikaa na vijana wa kwenye ukuta wa posho mili, wale ambao kila mtu huwaita wahuni bila kuwauliza majina. Wawili kati yao leo ni walinzi.

Tunakumbusha methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumshika mwizi ni kujenga ukuta. Kufyeka kichaka ni kuziba ufa, hata kama hakuna atakayekupigia makofi.

NANI AJITOLEE, NA KWA MASHARTI GANI?

Ajitolee mtu ambaye majirani zake wenyewe wamemkubali hadharani, si kwa kunong'onezana. Awe na kazi au shughuli inayojulikana, hata kama ni ndogo. Asiwe mlevi, na usiku wa zamu asionje hata kidogo. Wanawake wawemo, tena katika uongozi, kwa maana wao ndio hujua nyumba ipi kuna vita na mtoto yupi halali kwao. Aliyewahi kukosa akatubu asifungiwe mlango, lakini aanze na kazi za mchana.

Masharti yawe machache na yashikwe:

Watu watembee wawili wawili au zaidi. Wabebe tochi, filimbi, koti la mvua na kitabu. Panga, rungu na mnyororo vibaki nyumbani. Mwenye panga mkononi akishikwa na hofu, atalitumia. Wakikuta watu wenye bunduki, wasifuate. Wajifiche, wapige simu, wakumbuke nambari ya gari.

Zamu isizidi usiku mmoja au miwili kwa wiki. Aliyetembea usiku kucha lazima alime kesho yake, na mkewe au mumewe anajua ni nani analipa gharama ya kujitolea huko. Baada ya miezi sita mtu apumzike, mwingine aingie. Kujitolea bila kupumzika huzaa kunung'unika, na kunung'unika huzaa kudai malipo. Mlinzi wa kujitolea akianza kusema "nipeni kitu kidogo cha chai", kijiji kimepata mtoza ushuru.

Michango iwe ya hiari, iandikwe, na hesabu isomwe barazani kila baada ya miezi mitatu. Mwanasiasa akileta pesa au fulana wakati wa uchaguzi, kikundi kimshukuru na kukataa. Vijana waliovaa fulana za mtu watatumwa na huyo mtu.

Kuhusu kikundi cha WhatsApp: kitumike kuitana na kuonyana. Kisitumike kutangaza "mwizi ni huyu" na picha ya mtu. Neno la kwenye simu halina breki, na jina likishachafuka haliogeshwi na "samahani".

TURUDI KWENYE KISA

Mwaka 2022, saa nane ya usiku, kikundi hicho kilimshika mtu mzima ndani ya stoo ya mahindi, kufuli imevunjwa, mifuko minne tayari nje. Msimamizi wa usiku huo alikuwa yule mama muuza chai. Walipiga mlio mmoja mrefu. Watu wachache walitoka, wakakuta migongo imepangwa duara. Mtu akasema, "Mpeni hata dawa kidogo tu kabla polisi hawajafika." Mama akamwambia, "Ndugu yangu, wewe ulikuwepo 2018. Nenda ukalale."

Polisi walichukua saa moja na nusu kufika, kwa sababu gari lilikuwa kazi nyingine. Hiyo saa moja na nusu ni ndefu kuliko mnavyodhani. Walimkalisha kwenye kibanda cha chai, wakaandika, wakangoja. Wiki iliyofuata mshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana, na watu walinung'unika sana. Mashahidi wawili walikwenda mahakamani mara nne kwa nauli ya kikundi. Mara ya nne akapatikana na hatia.

Na yule kijana wa betri? Kikundi kilikwenda kwao mwaka 2019, wote waliokuwepo usiku ule, wakaomba msamaha mbele ya ukoo na kuchanga sehemu ya gharama ya hospitali. Mama yake aliwasamehe. Mjomba mpaka leo hawasalimii. Mkono ulipona lakini hauinui mzigo mzito, na kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kubeba magunia kwenye posho mili. Tunalisema hili ili msidhani msamaha hurudisha kila kitu. Kuna vitu haviombewi msamaha vikarudi. Vinazuiwa tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, mtu akipiga kamsa usiku wa leo, ni nani atasimamia? Taja jina.
2. Ni nani kati yetu amewahi kuwa kwenye umati uliompiga mtu? Hahitaji kusema kwa sauti. Kila mmoja akae kimya kidogo akumbuke: nini kingemfanya arudi nyumbani usiku ule?
3. Tofauti kati ya mlinzi, shahidi na hakimu ni nini? Kwa nini mtu mmoja asifanye kazi zote tatu?
4. Ni vichaka gani, njia zipi na saa zipi ambazo watu wetu huogopa? Lipi tunaweza kuondoa bila pesa?
5. Wanawake na vijana wana nafasi gani katika ulinzi wa kijiji chetu? Tumewauliza wao wenyewe?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu watatu wamtembelee chifu msaidizi na mkuu wa kituo cha polisi kujitambulisha. Watu wawili waandike kwenye karatasi moja nambari zote za dharura, zibandikwe dukani, zahanati na kwenye mlango wa kanisa. Kila mwanachama atembee njia moja ya kijiji mchana na aandike mambo matatu yanayomsaidia mwizi. Kisha mrudi, mfanye mazoezi ya zile hatua tisa, na safari hii anayeigiza mshukiwa awe mwenyekiti. Akiisha kukaa katikati ya duara, muulizeni alijisikiaje.